Idhini na Ridhaa: Shauri la Kuzika Takataka za Nyuklia Kando ya Ziwa Huron

Katika Kiswahili yako maneno mawili ambayo aghalabu hutumiwa kana kwamba ni neno moja: idhini na ridhaa. Yote mawili asili yake ni Kiarabu, na yote mawili yahusu kukubali. Lakini msemaji mwangalifu hayachanganyi. Idhini ni ruhusa itolewayo na mwenye mamlaka. Ridhaa ni kukubali kwa moyo kwake yule ambaye jambo lenyewe litamfika. Hakimu aweza kutoa idhini ya kuuzwa shamba, na waliolirithi shamba hilo wasiwe na ridhaa hata chembe. Tofauti hiyo yaweza kudhaniwa kuwa ni kazi ya watunga kamusi tu. Lakini ndiyo iliyokuwa kiini cha shauri lililoendelea katika nchi ya Kanada kwa zaidi ya miaka thelathini, yaani shauri la mahali pa kuzika takataka za nyuklia.

Mitambo itengenezayo umeme kwa nguvu za nyuklia huacha takataka za aina mbalimbali. Kuna fueli iliyokwisha tumika, ambayo ni kali mno na hubaki na madhara kwa maelfu mengi ya miaka. Tena kuna vitu vingine vilivyoingiwa na mionzi, kama vile nguo za kazi, matambara, vichujio na vipande vya mitambo. Hivi ni hafifu kuliko fueli, ijapokuwa baadhi yake navyo hudumu na mionzi muda mrefu. Wataalamu wa nchi nyingi wameona kuwa njia bora ni kuzizika takataka hizi chini sana, ndani ya mwamba usiopitisha maji. Walakini wanaofaidi umeme ni watu wa leo, na watakaokaa juu ya shimo ni watu ambao hawajazaliwa bado. Kwa hiyo swali la nani aulizwe kabla ya kuchimba si swali dogo.

Serikali ya Kanada ililiweka swali hilo mbele ya umma mwaka 1989, ilipounda tume chini ya uenyekiti wa Blair Seaborn. Tume haikupewa mahali maalum pa kukagua. Ilipewa wazo tu: kwamba fueli iliyotumika izikwe baina ya mita 500 na mita 1,000 chini, katika miamba migumu ya kale. Vikao vya hadhara vilifanywa mwaka 1996 na 1997, na taarifa ikatoka mwaka 1998. Tume ilisema kwamba, kwa upande wa ufundi, usalama wa wazo hilo ulikuwa umeonyeshwa kwa kiasi cha kutosha kwa hatua ile ya mwanzo; lakini kwa upande wa jamii haukuonyeshwa. Tena ilisema kwamba haikuthibitika kuwa wananchi kwa jumla waliunga mkono wazo hilo. Hapo palitenganishwa mambo mawili ambayo wahandisi walikuwa wameyaweka pamoja: usalama wa shimo, na kukubali kwa watu.

Somo hilo lilijaribiwa upya kando ya Ziwa Huron. Katika wilaya ya Kincardine, jimbo la Ontario, kipo kituo cha Bruce, mojawapo ya vituo vikubwa kabisa vya umeme wa nyuklia duniani. Takataka zilizo hafifu na za kadiri zilikuwa zikiwekwa huko juu ya ardhi tangu zamani. Halmashauri ya Kincardine na kampuni ya Ontario Power Generation, ambayo ni mali ya serikali ya jimbo, zilifanya mapatano mwaka 2002, na mwaka 2004 zikatia sahihi mkataba wa kuichukua kazi hiyo. Shimo lingechimbwa mita 680 chini, katika mawe ya chokaa, yapata kilomita 1.2 kutoka ufukweni, nalo lingeweza kupokea mita za ujazo zipatazo 200,000. Fueli iliyotumika haikuwamo. Mwaka 2005 wakazi wa Kincardine waliulizwa kwa simu: 60 katika kila 100 waliojibu walikubali, na 22 walikataa.

Yafaa kuangalia ni nani aliyehesabiwa kuwa mwenyeji katika kuuliza huko. Waliulizwa watu wa Kincardine, ambao wengi wao riziki yao ilitegemea kituo hicho. Lakini ziwa halijui mipaka ya halmashauri. Watu wapatao milioni 40, wa Kanada na wa Marekani, hunywa maji ya Maziwa Makuu. Wala hawakuhesabiwa kama taifa Waanishinaabe wa Saugeen Ojibway, ambao nchi hiyo ni ya wazee wao, nao waliandikiana mikataba na Waingereza mwaka 1836 na 1854. Hata kituo chenyewe kilipojengwa katika miaka ya 1960 na 1970, watu hao hawakuulizwa.

Tume ya mapitio iliteuliwa mwaka 2012, yenye wajumbe watatu chini ya Stella Swanson. Vikao vya hadhara vilianza Septemba 2013, vikaendelea hadi mwisho wa Oktoba. Mtu yeyote aliweza kujiandikisha na kutoa maneno yake kwa kinywa au kwa maandishi, na fedha zilitolewa kuwasaidia baadhi ya washiriki kupata wataalamu wao wenyewe. Walikuja wafanyakazi wa kituo, wavuvi, wakulima, wanajiolojia, madiwani wa miji ya mbali na Wamarekani wa ng'ambo ya ziwa. Waliounga mkono walisema kwamba mwamba ule haujasogea kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na kwamba ni afadhali kuzika kuliko kuwaachia wajukuu mzigo juu ya ardhi. Waliopinga waliuliza kwa nini mahali pengine hapakuchunguzwa kwa makini, na kwa nini shimo liwe karibu vile na maji.

Wako waliodhani kuwa vikao vya namna hii ni desturi tu, na kwamba wananchi huja kutoa pumzi wakaenda zao. Yaliyotukia yalionyesha vingine. Mkemia mmoja mstaafu, aliyepata kuifanyia kampuni hiyo kazi, alichunguza hesabu zake akaonyesha kwamba nguvu ya mionzi katika baadhi ya takataka ilikadiriwa chini ya ukweli. Kampuni ikalazimika kuzirudia hesabu. Kisha, tarehe 14 Februari 2014, katika shimo la namna hiyo huko New Mexico, Marekani, pipa moja lilipasuka na mionzi kidogo ikatoka hadi juu. Sababu yake ilikuwa kwamba pipa lilitiwa kifyonza-maji cha asili ya mimea mahali pa kile cha madini. Shimo hilo lilikuwa limetajwa katika vikao kuwa ni mfano wa kazi iendayo vizuri. Basi tume ilifungua vikao tena Septemba 2014, ili makosa ya wanadamu nayo yapimwe pamoja na uimara wa mwamba.

Taarifa ya tume ilitolewa Mei 2015. Ilisema kwamba, masharti yakifuatwa, haielekei kuwa kazi hiyo ingeleta madhara makubwa kwa mazingira, ikapendekeza iendelee. Idhini ilikuwa karibu kutoka. Lakini mwaka 2016 waziri wa mazingira, Catherine McKenna, alidai maelezo zaidi, hasa juu ya mahali pengine panapoweza kufaa. Na mwaka 2017 akataka ichunguzwe athari kwa utamaduni na maisha ya watu wa Saugeen Ojibway. Tena kampuni yenyewe ilikwisha ahidi, tangu mwaka 2013, kwamba haitajenga bila watu hao kuunga mkono.

Ahadi hiyo ndiyo iliyoamua shauri. Tarehe 31 Januari 2020 watu wa Saugeen Ojibway walipiga kura. Waliokubali walikuwa 170, na waliokataa 1,058. Mwaka ule ule kampuni ikaacha mpango wake.

Mtu aweza kuuliza kama kazi ya tume ilipotea bure. Haikupotea. Waliopiga kura walikuwa na habari ambazo zisingepatikana bila vikao vile. Lakini tume iliulizwa kama shimo litakuwa salama, na wapiga kura waliulizwa kama wanalitaka katika nchi yao. Jibu la swali la kwanza, hata likiwa sahihi, haliwi jibu la swali la pili. Mwenye kusikilizwa ametoa maneno yake, na uamuzi ukabaki kwa mwingine. Mwenye kuombwa ridhaa ana uwezo wa kusema la, na neno lake likasimama.

Desturi hiyo ya pili ilizidi kupata nguvu. Shirika lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002 kutafuta mahali pa kuzika fueli iliyotumika lilikubali kwamba halitachagua mahali pasipo na wenyeji walio radhi. Novemba 2024 lilichagua eneo la kaskazini-magharibi ya Ontario, baada ya mji wa Ignace na taifa la Wabigoon Lake Ojibway kukubali. Hata hivyo mataifa mengine ya jirani yalipinga, yakisema kwamba nayo yalistahili kuulizwa. Kwa hiyo swali la nani ni mwenyeji, lililoachwa wazi Kincardine mwaka 2005, halikufungwa.

Wenye kuandika Kiswahili cha sheria na serikali hawana budi kuliangalia jambo hili. Husemwa mara nyingi kwamba wananchi "walishirikishwa". Neno hilo halimwambii msomaji kama walisikilizwa tu au waliridhia. Palipo na shimo litakalodumu kuliko dola iliyolichimba, tofauti hiyo yastahili kuandikwa wazi.