Dereva wa Lori Analala Saa Ngapi?

Sisi wa Wasini hatuna magari kisiwani, lakini simenti na unga wetu hufika Shimoni kwa lori kabla ya kupanda mashua. Kwa hivyo msiniambie haya hayanihusu.

Turudi nyuma kidogo. Februari 2004, sheria za Waziri John Michuki zilianza kazi. Kila mtu anakumbuka matatu: mikanda, mstari wa njano, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Watu husahau kwamba malori mazito nayo yalifungwa hicho kidhibiti. Sawa, mwendo ukapunguzwa. Na usingizi je? Huo ulingoja mpaka 2012, Sheria ya Trafiki ilipobadilishwa: dereva wa gari la biashara asiendeshe zaidi ya masaa 8 ndani ya masaa 24.

Sasa pigeni hesabu na mimi. Mombasa hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 900. Ukienda 80 bila kusimama hata kukojoa (na mizani ya Mariakani iko palepale inakungoja), ni masaa 11 na kitu. Yaani dereva mmoja hawezi kufika kihalali siku moja. Kampuni ikimwambia mzigo ufike kesho asubuhi, ishamwambia avunje sheria, na muguka ya kumkesha atajinunulia mwenyewe.

Ndiyo maana nimechoka kusikia "dereva kuwa makini". Tajiri aweke madereva wawili, ama alipie kitanda njiani na asimkate mtu pesa kwa kuchelewa. Traka wengi washafunga, wanachungia mafuta yasiibwe. Wachungie pia masaa ya mtu kwenye usukani.