Uzamili wa kupiga ala: Yajue haya kabla hujatuma maombi

Mwambie mzazi hapa Pwani kwamba unataka kusomea shahada ya pili ya uhasibu, ataanza kuulizia karo. Mwambie unataka kusomea shahada ya pili ya kupiga piano, fidla au udi, na kwanza atauliza kama hiyo nayo ni shahada. Ndiyo, ni shahada, na ina masharti ambayo vijana wetu wengi huyajua wakiwa wamechelewa.

Makala hii inaeleza masomo hayo yalivyo, jinsi wanafunzi wanavyochaguliwa, na pesa za kulipia zinavyoweza kupatikana.

Ni masomo gani?

Uzamili wa muziki ni wa aina kadhaa: utafiti, ualimu, utunzi, na upigaji au uimbaji. Huu wa mwisho ndio tunaouzungumzia. Mwanafunzi ana ala moja kuu na mwalimu anayemfunza wakiwa wawili tu, kwa kawaida kila wiki. Muda uliobaki mwingi ni wa mazoezi, na saa nne au tano kwa siku si jambo la ajabu. Kuna pia madarasa ya hadhara, ambapo unapiga mbele ya wenzako na mwalimu mgeni anakusahihisha papo hapo.

Mtihani mkubwa ni onyesho. Unapanda jukwaani peke yako, au na mpiga piano wa kukusindikiza, na kupiga kwa dakika 45 hadi saa moja hivi huku watahini wakisikiliza. Wewe ndiwe unayechagua vipande, kuvipanga na mara nyingi kuviandikia maelezo. Vyuo vingine huongeza tasnifu fupi.

Nchini Uingereza masomo haya hutolewa hasa na vyuo vya muziki pekee, kama Royal Academy of Music, iliyoanzishwa 1822, na Royal College of Music, iliyoanzishwa 1882, vyote vya London. Huchukua mwaka mmoja au miwili. Marekani na Ujerumani kwa kawaida ni miwili.

Digrii ya kwanza haitoshi

Hapa ndipo wengi huteleza. Cheti chako kinakuruhusu kutuma maombi tu. Kinachoamua ni jinsi unavyopiga siku ya kusikilizwa. Vyuo vingi huanza kwa kuomba video, kisha wanaofaa huitwa kupiga ana kwa ana.

Mpiga piano, kwa mfano, huombwa vipande vya enzi tofauti: kimoja cha Bach, sonata ya Haydn, Mozart au Beethoven, kipande kirefu cha karne ya 19 kama cha Chopin au Liszt, na kimoja cha karne ya 20 au baadaye. Mara nyingi hutakiwa kuvipiga bila kutazama noti.

Unajipimaje? Mitihani ya ABRSM na Trinity hufanywa hapa Kenya. Gredi ya 8 ni kiwango cha mtu anayejiandaa kuingia digrii ya kwanza. Diploma ya LTCL ya Trinity inakaribiana na kumaliza digrii, na FTCL iko kiwango cha uzamili. Kama gredi ya 8 bado inakutoa jasho, jipe miaka michache zaidi na mwalimu mzuri. Hakuna aibu katika hilo, na ni nafuu kuliko kulipia maombi matano na kukataliwa yote.

Video yenyewe

Kila kipande kirekodiwe mfululizo bila kukatwa, mikono na uso vikionekana. Joto na unyevunyevu wa Pwani huharibu sauti ya piano upesi, kwa hivyo mlete fundi wa kuitengeneza muda mfupi kabla ya kurekodi. Chagua saa ambayo bodaboda na majenereta yamenyamaza.

Anza mapema. Vyuo vya Uingereza vinavyopokea maombi kupitia UCAS Conservatoires kwa kawaida hufunga mwanzoni mwa Oktoba, kwa masomo ya Septemba ya mwaka unaofuata. Ukianza kuulizia Januari, mwaka huo umeshakupita.

Na wapiga udi na kanuni?

Aliyelelewa katika taarabu asidhani mlango ni wa piano na fidla peke yake. Istanbul, Uturuki, kuna chuo cha serikali cha muziki wa Kituruki chini ya Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Istanbul, kilichoanzishwa 1975, kinachofundisha udi na kanuni. Ufadhili wa Türkiye Bursları hulipia karo, malazi, nauli ya ndege na mwaka wa kujifunza Kituruki, ila mwombaji wa uzamili awe hajafika miaka 30. Tatizo kubwa kwa wengi wetu ni noti. Aliyejifunza kwa sikio tu aanze kuzisoma sasa.

Pesa

London, karo ya mwanafunzi wa kigeni katika vyuo hivi huzidi pauni 25,000 kwa mwaka, kabla ya chakula na nyumba. Ufadhili wa Chevening hulipia uzamili wa mwaka mmoja tu, kwa hivyo kozi ya miaka miwili haufai. Pia unadai uwe umefanya kazi miaka miwili, na urudi nyumbani kwa miaka miwili.

Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi karo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg hutoza wageni wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Shirika la DAAD lina ufadhili maalumu wa muziki. Marekani, shule ya muziki ya Yale haijatoza karo tangu 2006, baada ya kupewa zawadi ya dola milioni 100, lakini nafasi zake ni chache mno.

Kwa mzazi anayesoma haya: wahitimu wengi huishi kwa kuchanganya kazi. Hufundisha, husindikiza kwaya na waimbaji, hupiga katika hoteli na hafla. Mshahara mmoja wa uhakika ni nadra. Kaeni na mtoto, mpige hesabu hiyo pamoja kabla ya kuuza shamba.

Nawe mpigaji, wiki hii rekodi dakika 15 kwa simu, bila kukatiza, kisha umpe mwalimu asiyekuogopa azisikilize.