Ongwae na Ile Miaka 28

Februari 2021 nilikuwa nimelala kitandani, simu kwenye chaja, nikiandikia watu makala ya kulipwa kwa idadi ya maneno. Mtu akatupa video kwenye kundi letu la WhatsApp. Jamaa mrefu mwenye jezi ya Kenya anapokea mpira, anaruka na beki usoni, anaachilia. Mpira unaingia muda ukiisha. Benchi lote linamwagika uwanjani. Niliitazama mara sita na bundles zangu zikaisha hapo.

Kenya 74, Angola 73. Mechi ilichezwa Yaoundé, Cameroon. Angola hao wakati ule walikuwa mabingwa wa Afrika mara 11. Sisi mara ya mwisho kucheza AfroBasket ilikuwa 1993, mashindano yalipoletwa hapa Nairobi tukamaliza wa nne. Mimi sikuwa nimezaliwa. Kikapu kile kimoja ndicho kilichoturudisha, baada ya miaka 28.

Aliyerusha anaitwa Tylor Okari Ongwae, na wiki hiyo kila mtu alimjua. Kesho yake kwa kibanda cha chapo, mzee mmoja tuliyekaa naye benchi moja aliiangalia video kwa simu yangu akauliza, "Kama ni mkali hivi, mbona hayuko NBA?"

Sikuwa na jibu. Nikaenda kutafuta.

Ongwae ni fowadi: mrefu wa kutosha kugombea mpira chini ya kikapu, na bado ana mkono wa kufunga kutoka mbali. Alitoka Kenya akaenda Ranger College, chuo cha miaka miwili kwenye mji mdogo wa Texas. Vyuo vya aina hiyo ndiyo ngazi ya chini ya mpira wa vikapu wa Marekani. Ukionyesha kitu pale, chuo kikubwa kinakuchukua. Yeye alichukuliwa na University of Louisiana Monroe, na 2015 timu hiyo ilifika fainali ya CBI, mashindano ya timu ambazo hazikuitwa kwenye ile michuano mikubwa ya Machi. Walifungwa na Loyola Chicago.

Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu zangu. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosa. Kule, mchezaji mwenye udhamini analipiwa masomo, kitanda na chakula, naye analipa kwa magoti yake. Nilikuwa nikiwaonea wivu watu hao. Halafu nikapiga hesabu. Draft ya NBA huchagua wachezaji 60 kwa mwaka, kutoka vyuo vyote na dunia nzima. Wengine maelfu wanamaliza chuo wakiwa na ustadi ambao soko la nyumbani kwao haliulizi bei.

Ndipo wanaenda ng'ambo. Neno hilo ni la Wamarekani, lakini. Kwa Ongwae, Texas yenyewe ilikuwa ng'ambo. Kwenda kucheza Ulaya kulikuwa ni kuvuka tena. Alifika Denmark, kwa Bakken Bears wa Aarhus, klabu iliyozoea kuchukua ubingwa wa nchi hiyo. Ligi za namna hiyo zinaendeshwa kwa mikataba mifupi, mara nyingi ya msimu mmoja. Unacheza vizuri ukijua mwezi wa tano huenda unatafuta kazi tena. Sisi wa kuandika kwa vibarua tunaijua hiyo hali, bana.

Na jibu la mzee liko hapo hapo. Tangu 2017, FIBA huweka baadhi ya mechi za kufuzu mwezi wa Novemba na Februari, katikati ya msimu wa vilabu. NBA haisimamishi ligi kwa sababu ya mechi hizo. EuroLeague pia haisimami. Ligi ndogo zinasimama. Kwa hivyo Ongwae angekuwa NBA, Februari ile tungemtazama kwenye televisheni akichezea mji wa watu, na Yaoundé angesimama mtu mwingine na ule mpira. Kazi tuliyoiona ndogo ndiyo iliyomwacha apatikane. Hata 2019 alikuwepo Bamako, kwenye AfroCan, Kenya ilipofika fainali na kupigwa na Congo. Wachache sana waliifuatilia ile.

Nilimweleza mzee. Akatafuna chapo yake polepole. "Sasa huyo kijana hulipwa ngapi?" Nikamwambia sijui. "Basi bado hujamaliza kusoma," akasema.

Agosti mwaka huo tukaenda Kigali, tukiongozwa na Liz Mills wa Australia, mwanamke wa kwanza kufundisha timu ya wanaume kwenye AfroBasket. Tulifungwa na Côte d'Ivoire na Nigeria, kisha tukapiga Mali 72 kwa 66. Ikabaki mechi moja ya kuingia robo fainali, dhidi ya Sudan Kusini, nchi ya miaka kumi tu tangu uhuru.

Niliitazama yote, safari hii na bundles za kutosha. Dakika za mwisho nilikuwa nimesimama, nikingoja mpira umfikie Ongwae tena, kana kwamba mtu huwa na Yaoundé mbili.

Sudan Kusini 60, Kenya 58. Niliweka simu kwenye chaja nikarudi kwa kazi iliyokuwa inaningoja, maneno 800 kuhusu magodoro.