Gongo la Tatu

Siku ya tatu baada ya kuvunjika mguu nilijipikia chai, nikaimimina kikombeni, halafu nikasimama naitazama. Kutoka jikoni hadi kitini zilikuwa hatua sita. Mkono wa kulia umeshika gongo, wa kushoto umeshika gongo. Mwishowe niliinywa palepale nimeegemea sinki, mguu mmoja hewani kama korongo mtoni, na nilipomaliza nilikuwa natetemeka kwa uchovu.

Nilikuwa nimeanguka na bodaboda. Muundi ulivunjika, nikatoka hospitali na plasta gumu, lile ambalo mtaani tunaliita hogo, pamoja na jozi ya magongo ya alumini. Nilipomwandikia rafiki yangu kwamba sasa naishi kwa gongo, alinijibu niwe mwangalifu, polisi watanikamata. Somo la kuyatumia lilichukua dakika tano. Uzito uweke kwenye viganja, si kwapani. Acha nafasi ya vidole viwili au vitatu kati ya kwapa na gongo. Ukipanda ngazi tanguliza mguu mzima. Ukishuka tanguliza magongo na mguu mbovu. Yote yalikuwa kweli, na yote yalihusu kwenda. Hakuna aliyeniambia nitabebaje ndoo ya maji, au nitainamaje kuokota funguo zilizoanguka.

Nilikuwa nakaa ghorofa ya tatu, Dar es Salaam, jengo halina lifti na maji yanatoka asubuhi tu. Juma moja lilitosha kunishinda. Nikapelekwa Tanga kwa Shangazi, dada yake baba, ambaye anatembea kwa magongo tangu mwaka 1958. Huko ndiko nilikoanza kusoma historia ya kifaa hiki, kwa kuwa nilikuwa na muda mwingi wa kukaa, na kwa kuwa kila nilipomtazama Shangazi akivuka ua nilikumbuka jambo nililomfanyia nikiwa mtoto, ambalo sikuwahi kulisema.

Katika jumba la makumbusho la Ny Carlsberg Glyptotek, Copenhagen, kuna bamba la jiwe kutoka Misri ya kale, lililochongwa zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Linamwonyesha mlinda mlango aitwaye Roma, pamoja na mkewe na mwanawe. Mguu wake mmoja umesinyaa, na unakanyaga kwa ncha za vidole. Madaktari wengi walioutazama wamesema ni polio. Wengine wanasema ni mguu uliopinda tangu kuzaliwa. Picha hiyo hutumiwa sana katika maandishi ya historia ya polio, na macho ya wengi huenda mguuni. Mimi, nikiwa na hogo langu juu ya stuli, nilitazama mikono. Roma anatoa sadaka. Mikono yake ina kazi, kwa hiyo fimbo yake ndefu ameibana kwenye kunjo la kiwiko, imemwegemea begani. Mchongaji yule alikuwa amemwona mtu wa namna hii kwa karibu. Alijua kwamba mwenye fimbo akitaka kubeba kitu, lazima kwanza aamue fimbo itakaa wapi.

Hilo ndilo swali la nyumbani. Gongo hukurudishia mguu kwa kukopa mikono yako miwili, na nyumba ni kazi ya mikono. Ukiisoma historia ya magongo kwa jicho la anayetembea, utaona miti, kisha chuma, kisha alumini. Ukiisoma kwa jicho la mwenye kikombe cha chai, utaona watu wakijitahidi, karne baada ya karne, kuikomboa mikono yao.

Shangazi alizaliwa Muheza mwaka 1955. Mwaka huohuo, tarehe 12 Aprili, Marekani ilitangaza kwamba chanjo ya polio ya Jonas Salk ni salama na inafanya kazi. Habari hiyo haikumfikia. Miaka mitatu baadaye alipata homa ya siku chache, na homa ilipoondoka, mguu wa kushoto haukurudi. Wengi wanaoambukizwa polio hawaoni dalili yoyote. Takriban mmoja kati ya 200 ndiye hupooza. Mpango wa Shirika la Afya Duniani wa kufikisha chanjo kwa watoto wote ulianza mwaka 1974, Shangazi akiwa na miaka 19. Na Afrika ilipotangazwa kuwa haina tena virusi vya polio vya porini, tarehe 25 Agosti 2020, alikuwa na miaka 65. Alisikia redioni, akasema, "Alhamdulillahi," akaendelea kukuna nazi.

Gongo lake la kwanza lilikuwa tawi la mpera lenye panda. Babu alilikata, akaizungushia panda kitambaa, akamwekea kwapani. Halikuwa na mahali pa kushika, kwa hiyo uzito wote ulikaa kwapani, mahali pinapopita mishipa ya fahamu inayoshuka mkononi. Anakumbuka vidole vikifa ganzi wakati anapepeta mchele. Hajui kwamba madaktari wana jina la ulemavu huo wa mkono unaoletwa na gongo. Anachojua ni kwamba seremala mmoja alipopigilia kipande cha mti katikati ili ashike, mchele uliacha kumwagika.

Ulaya nako vita vililazimisha mambo. Vita Kuu ya Kwanza ilirudisha nyumbani wanaume wengi waliokatwa miguu, na mafundi wakawa wanajaribu hiki na kile. Mwaka 1917 Emile Schlick alipata hataza ya fimbo ya kutembelea yenye egemeo la mkono kwa juu. Baadaye yakaenea magongo mafupi yenye bangili inayokumbatia mkono chini ya kiwiko. Marekani huyaita Lofstrand, kwa jina la mtengenezaji. Watu huyasifia wepesi wake. Kwa mtu wa nyumbani, jambo kubwa ni ile bangili. Ukiachia mshiko ili ufungue mlango, gongo halianguki. Linaning'inia mkononi, linakusubiri. Ni suluhisho lilelile la Roma, safari hii limetengenezwa kiwandani.

Polio ilimpata pia mtu mwenye kila kitu. Franklin Roosevelt aliugua Agosti 1921, akiwa na miaka 39, na miguu yake haikupona. Hadharani alionekana amesimama, vyuma vimefungwa miguuni chini ya suruali, mkono mmoja umemshika mwanawe. Historia ya hadharani inaishia hapo. Nyumbani kwao Hyde Park, New York, kulikuwa na lifti ndogo ya kupandishia masanduku, ya kuvutwa kwa kamba. Roosevelt aliingia humo akajivuta mwenyewe hadi ghorofani. Viti vya magurudumu vya siku zile vilikuwa vikubwa mno kwa milango ya nyumba, basi alitumia kiti cha kawaida kama cha jikoni, kisicho na mikono, kilichofungwa magurudumu. Mwaka 1938 alianza kujenga nyumba ndogo karibu na hapo, Top Cottage, isiyo na ngazi za kuingilia wala vizingiti milangoni. Rais wa Marekani alikuwa na watumishi wa kumletea chai hata usiku wa manane, na bado alihangaika na kizingiti.

Wasiokuwa na watumishi, na hasa wanawake, walisubiri zaidi kufikiriwa. Aliyewafikiria mapema ni mhandisi Lillian Gilbreth, mama aliyezaa watoto 12. Yeye na mumewe Frank walikuwa wataalamu wa kuchunguza mwendo wa mikono ya wafanyakazi viwandani. Mwaka 1920 walitoa kitabu kuhusu kazi kwa watu wenye ulemavu, vita ikiwa ndiyo kwanza imekwisha. Frank alipofariki, Lillian aliupeleka ujuzi huo jikoni. Mwaka 1944 alishirikiana na Edna Yost katika kitabu kingine kuhusu maisha ya watu wenye ulemavu, na mwaka 1955 taasisi ya daktari Howard Rusk, New York, ilitoa mwongozo wa kuwafundisha akina mama wenye ulemavu kazi za nyumbani. Mawazo yao yanaelezeka kwa maneno machache: fanya kazi umekaa, weka kila kitu mahali mkono unapofika, usibebe kinachoweza kusukumwa, usiende mara mbili penye safari moja.

Niliyasoma hayo nikiwa kwenye ua wa Shangazi, nikainua macho.

Ni nyumba ya Kiswahili ya kawaida: korido katikati, vyumba kushoto na kulia, nyuma uani, na pembeni ya ua choo na bafu. Kutoka mlango wa korido hadi jiko la mkaa kuna benchi refu la mti. Nimeliona maisha yangu yote, nikidhani ni la wageni. Shangazi haketi hapo. Sufuria inatoka jikoni kwa kusukumwa juu ya benchi, hatua moja, kisha anasogea yeye, kisha sufuria tena, mpaka mlangoni. Jiko lenyewe limeinuliwa kwa matofali mpaka usawa wa kiti. Upishi wetu wa pwani ni wa kukaa tangu zamani, lakini ni wa kukaa chini, kwenye kigoda na kwenye mbuzi ya kukunia nazi, na kwa mtu wa magongo shida haipo katika kukaa. Ipo katika kuinuka. Kwa hiyo mbuzi yake imefungwa juu ya stuli ndefu.

Chai hanywi kwa kutembea na kikombe. Anaitia kwenye chupa, anaifunga, anaiweka kwenye kikapu kinachoning'inia shingoni. Maji hayapo kwenye ndoo moja kubwa. Yamo kwenye madumu ya lita tatu, na kila mtoto wa jirani anayepita anajua kujaza moja. Chooni kuna kiti cha plastiki kilichotobolewa kikasimamishwa juu ya shimo, na kamba iliyofungwa kwenye boriti ya kujivutia. Soli za magongo yake, za kuzuia kuteleza penye maji, hukatwa na fundi viatu kutoka tairi lilelile la katambuga. Na kando ya mlango wa chumba chake, kwenye msumari, kuna gongo la tatu, lile la mwisho alilochongewa na Babu, panda yake imesuguliwa hadi inang'aa. Nilidhani amelitundika kwa ajili ya kumbukumbu.

Lillian Gilbreth angeingia kwenye ua huu angetoa daftari. Mimi nilikulia humo kila likizo na sikuona kitu. Nilichokiona ni mwanamke anayeketi akiagiza. Niletee chumvi. Nisogezee dumu. Tuliwahi kumwita Bosi, kwa kunong'ona. Sasa na mimi ninaagiza siku nzima, nami najua kila agizo hupimwa kwanza: je, ninaweza mwenyewe? Itanigharimu hatua ngapi? Nimeshaomba mara ngapi tangu asubuhi? Watu husema hujafa hujaumbika, wakimtahadharisha anayemcheka mlemavu kwamba na yeye yanaweza kumpata. Yalinipata kwa muda tu. Wiki kumi na hogo linakatwa. Sitaki kujifanya ninajua miaka yake.

Jambo lenyewe ni hili. Mwaka 1999, nikiwa na miaka minane, mimi na binamu zangu tuliyachukua magongo yake alipokuwa amelala mchana. Tuliyafanya farasi. Tulikwenda nayo mpaka uwanja wa mpira, na mchezo ukanoga. Tuliporudi jua lilikuwa linazama. Shangazi alikuwa ameketi kitini pake uani, amebadilisha nguo, na khanga aliyokuwa ameivaa mchana ilikuwa imeanikwa kambani, imefuliwa. Viganja vyake vilikuwa na michubuko. Hakuuliza nani. Tuliyaegemeza magongo ukutani tukakimbia. Nilikuwa mtu mzima nilipozijumlisha khanga, michubuko, na umbali kutoka kitandani hadi chooni.

Wiki yangu ya sita pale nilikuwa nimekaa sakafuni mwa korido, nimechoka kuinuka, na macho yangu yakawa sawasawa na ule msumari wa mlangoni. Uko usawa wa goti. Hakuna anayetundika kumbukumbu usawa wa goti.

"Shangazi," nikamwita. Alikuwa uani anachagua mchele. "Hili gongo mbona umelitundika chini hivi?"

"Ukiwa chini," akasema, "la juu utalifikiaje?"

Nilikaa kimya kidogo. Kisha nikamwambia ni mimi. Nikamwambia uwanja wa mpira, farasi, kila kitu, kwa haraka, kama mtoto anayetaja makosa kabla hajapigwa.

Hakuinua macho kwenye sinia. "Najua ni wewe," akasema. "Hatamu ya farasi mliifunga kwa kamba ya kiatu chako. Mlisahau kuifungua." Akatoa jiwe moja kwenye mchele akalitupa. "Kesho yake ndiyo nikapigilia huo msumari."

Nilitafuta la kusema, sikulipata. Akalisukuma sinia juu ya benchi, hatua moja, kisha akasogea, kisha hatua nyingine, mpaka likanifikia.

"Malizia huu," akasema. "Mikono yako si mizima?"