Nyika, Akiba na Hifadhi: Maneno Matatu Nyuma ya Tanga

Asimamaye Raskazone huitazama bahari. Nyuma yake, kupita mashamba ya mkonge na milima ya Usambara, upo uwanda wa nyasi na miiba ambao watu wa pwani waliuita nyika. Neno hilo halikuwa jina la ardhi tu, bali lilikuwa na hukumu ndani yake: nyika ni mahali pakavu pa kupita, si pa kukaa. Hata waliokaa karibu nayo waliitwa Wanyika, jina la dharau ambalo mahali pake pamechukuliwa na Mijikenda tangu miaka ya 1940.

Wapo wanaolifasiri jina Tanganyika kuwa ni Tanga na nyika yake. Fasiri hiyo yapendeza, lakini historia haiiungi mkono. Burton na Speke walipofika ziwani mwaka 1858 walilikuta jina hilo huko huko; Waingereza waliipa nchi jina la ziwa mwaka 1920.

Je, nyika ilikuwa tupu? Lugha za wenyeji zakanusha. Jina Mkomazi hufasiriwa katika Kipare kuwa ni kijiko cha maji. Jina la namna hiyo haliwezi kutolewa ila na watu waliokwisha kuyatafuta maji hayo na kuyanywa. Kadhalika, Abdallah bin Hemedi, katika Habari za Wakilindi, aliandika jinsi Mbega, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Nguu, alivyopata utawala wa Usambara. Kwa mwandishi huyo, pori ni chimbuko la dola.

Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliifanya Mkomazi kuwa pori la akiba. Akiba ni kitu kilichowekwa kwa ajili ya mtu. Swali ni nani. Wafugaji waliendelea kuchunga humo hadi walipoondolewa mwaka 1988. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1999 Mahakama ya Rufani haikuwarudishia ardhi. Wakati huo huo faru weusi, waliokuwa wametoweka kwa ujangili, waliletwa kutoka Afrika Kusini kuanzia mwaka 1997. Mwaka 2008 Mkomazi ikawa hifadhi ya taifa, yenye zaidi ya kilomita za mraba 3,200. Humo wamo choroa, swala twiga na mbwa mwitu, na tembo huvuka mpaka kwenda Tsavo na kurudi kwa kufuata mvua.

Hifadhi nalo ni neno la pwani. Kabla ya kuhusishwa na wanyama, lilikuwa la mwanachuoni anayeihifadhi Kurani moyoni, na la dua ya kuomba ulinzi wa Mungu. Katika matumizi hayo, kihifadhiwacho hakitengwi na mhifadhi. Hukaa ndani yake. Faru wamerudi Mkomazi, na kurudi kwao ni faida isiyokanika. Lakini mwanafunzi wa lugha hana budi kukumbuka kwamba ardhi iliyoitwa tupu katika lugha ya wapitaji ilikuwa na majina katika lugha za wakaaji, na kwamba mwenye kuondolewa mahali huondoka na majina yake.