Sadaka ya Hewa Safi

Aghalabu itajwapo sadaka kwa watoto wa maskini, fikira za watu huelekea kwenye chakula, nguo na ada ya shule. Hayo ni ya haki, na hayana budi kutangulia. Walakini tarehe yaonyesha kwamba walitokea watu waliotambua haja nyingine: mtoto akuaye katika chumba chenye giza, asiyepata kuona konde wala mto, amekosa sehemu ya neema ambayo Mwenyezi Mungu ameieneza bure kwa viumbe vyake.

Katika mwaka 1876, mjini Zurich, nchi ya Uswisi, kasisi Hermann Walter Bion aliona jinsi likizo ya shule ilivyowatenga watoto. Wa matajiri walikwenda milimani. Wa mafukara walibaki vichochoroni, wazee wao wakiwa kazini. Bion alikuwa amepata kutumika katika nchi ya milima ya Appenzell, akaijua hewa yake. Akaomba msaada kwa watu wa mji, akachagua watoto 68, wenye dhiki na unyonge wa mwili, akawapeleka huko muda wa wiki mbili chini ya uangalizi wa walimu.

Mwaka uliofuata, katika kijiji cha Sherman, jimbo la Pennsylvania, Marekani, kasisi Willard Parsons aliwataka watu wake wawakaribishe majumbani mwao watoto wa mafukara wa New York. Huko Uswisi watoto walikaa pamoja na walimu; huku Marekani mtoto alikuwa mgeni wa jamaa. Mjini London chama cha namna hiyo kiliundwa mwaka 1884, kwa juhudi za Samuel Barnett na mkewe Henrietta, waliokaa kati ya maskini wa Whitechapel.

Asidhani Mwislamu kwamba fikira hii ni ngeni katika dini yake. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliizuru Damaski mwaka 1326, akasimulia habari ya mtumwa mdogo aliyeangusha sahani ya Kichina ikavunjika njiani. Watu wakamkusanyikia, na mmoja wao akamwambia aviokote vipande, avipeleke kwa msimamizi wa wakfu wa vyombo. Akapewa fedha za kununulia sahani kama ile, akaokoka na kipigo cha bwana wake. Wakfu ule haukushibisha tumbo, ulituliza moyo. Na katika dola ya Uthmaniya, baadhi ya waliojenga vyuo vya watoto waliandika katika hati zao za wakfu fedha za nguo za wanafunzi, na pia za kuwatembeza nje ya mji majira ya machipuko.

Hapo ndipo penye mafunzo. Mchango hutegemea mioyo na mifuko ya watu: mwaka wa neema watoto wengi husafiri, mwaka wa dhiki wachache, na mtoto hana budi kungoja ahurumiwe. Wakfu una tabia nyingine. Yule kijana wa Damaski hakuomba. Alikwenda kudai kilichokwisha wekwa kwa ajili ya aliye katika hali yake. Kadhalika mwanafunzi aliyeandikiwa matembezi katika hati alitoka kwa haki yake, bila kuinamisha uso mbele ya mfadhili.

Safari ya siku moja yataka nauli, chakula na mwalimu mwaminifu. Haihitaji mali ya wafalme. Nyumba moja ya kupangisha, ikiwekwa wakfu kwa kazi hiyo na ikapata msimamizi mwenye kumcha Mungu, yaweza kuwatoa watoto wa chuo kila mwaka, hata baada ya mwenye kuitoa kulazwa kaburini. Hiyo ndiyo sadaka yenye kuendelea. Na mtoto aliyecheka kando ya mto hatajua hata jina la kumshukuru.