Nairobi hadi London: Safari Iliyopunguziwa Vituo

Angani, kwa njia ya mkato, Nairobi na London zimeachana kwa kilomita 6,800 hivi. Ndege za leo huumaliza mwendo huo kwa saa nane na nusu hadi tisa bila kutua. Muda huo haukuletwa na kasi ya injini peke yake. Umepatikana pia kwa kuviondoa vituo vya njiani, kimoja baada ya kingine.

Kabla ya ndege, msafiri wa Nairobi alishuka kwa treni hadi Mombasa, akapanda meli iliyopita Bahari ya Shamu na Mfereji wa Suez. Safari hiyo ilimchukua wiki tatu au zaidi.

Februari 1931, shirika la Imperial Airways lilianzisha njia ya London hadi Mwanza kupitia Misri, Sudan na Kisumu. Januari 1932 njia ikaendelezwa hadi Cape Town, na Nairobi ikawa kituo. Ndege za enzi hizo zilikwenda kilomita 160 hivi kwa saa, kwa hiyo hata zingeruka mfululizo zingehitaji zaidi ya saa 40. Lakini zilitua kila mara kujaza mafuta, katika miji kama Juba, Malakal, Khartoum na Wadi Halfa, na usiku ulipoingia abiria walilala hotelini. Sehemu ya njia ya Ulaya waliipita kwa treni. Safari nzima ilichukua takriban wiki moja.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, kati ya 1948 na 1950, shirika la BOAC lilitumia ndege za Solent zilizotua majini. Abiria wa Nairobi walishukia Ziwa Naivasha, wakamalizia kilomita 90 hivi kwa barabara. Ndege za nchi kavu zilitua katika uwanja wa Eastleigh, Nairobi.

Uwanja wa Embakasi, uliojengwa kwa jasho la wafungwa waliokamatwa wakati wa vita vya Mau Mau, ulifunguliwa mwaka 1958. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Nguvu ya injini hupungua, na mabawa huhitaji mwendo mkubwa zaidi kuinua mzigo uleule. Ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hutaka njia ndefu ya kurukia, na ya Embakasi inapita kilomita nne.

Mwaka 1960 shirika la East African Airways lilipata ndege za jeti aina ya Comet 4, na kuanzia 1966 likaleta Super VC10, iliyobuniwa kwa ajili ya viwanja vya joto na miinuko. Muda wa safari sasa ukahesabiwa kwa saa. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, Kenya Airways ilianzishwa na kuirithi njia ya London.

Hata hivyo, saa hizo hutegemea pia usalama wa nchi zilizo chini. Aprili 2023 vita vilipofunga anga ya Sudan, ndege za London zililazimika kuizunguka nchi hiyo, na safari ikarefuka upya.